Namna ya kuandika wasifu wa mwendesha baiskeli mstaafu wa Lithuania bila kumpunja

Weka orodha ya medali pembeni kwanza. Najua ndiyo inayopatikana upesi, na najua mhariri anaitaka kwenye sentensi ya kwanza, lakini ukianza nayo utaandika habari za medali na mwenyewe atabaki kivuli. Kazi yangu ni kuandaa wasifu wa wanamichezo wa kusomwa redioni, na hakuna kundi linalodai umakini kama waendesha baiskeli wa Lithuania waliochomoza miaka ya 1980 na 1990. Walikimbia uwanjani na barabarani, chini ya bendera mbili, kwenye timu zilizobadili majina kila mdhamini alipochoka, na majina yao yameandikwa kila mtu alivyojua. Mwenye utaratibu hapotei humo. Huu ndio wangu.

Mimi hufungua daftari kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Wa kushoto ni wa uwanja, yaani ile njia ya duara yenye kingo zilizoinuka kwenye kona. Wa kulia ni wa barabara. Naandika miaka kwenda chini, kila mwaka mstari wake, hata ule usio na tokeo lolote. Usiiruke mistari mitupu, maana maswali mazuri hutoka huko.

Anza na bendera

Mchukue Gintautas Umaras, mzaliwa wa Kaunas, mwaka 1963. Kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 alipata dhahabu mbili, na matokeo rasmi yanamweka chini ya herufi URS, Muungano wa Kisovieti. Ukimtafuta chini ya LTU katika michezo ile humpati. Lithuania ilitangaza kurudi kwa uhuru wake tarehe 11 Machi 1990, na ilipeleka timu yake Barcelona 1992, mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya kiangazi tangu Amsterdam 1928. Kwa hiyo mtu aliyeanza mashindano 1985 na kustaafu 1998 utamtafuta mara mbili, kwa herufi mbili.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni kumwita Mrusi. Kaunas si Urusi, na msikilizaji mmoja wa Vilnius atakuandikia barua ndefu. Wa pili unatoka upande wa pili kabisa: kuandika kwamba Umaras aliipatia Lithuania dhahabu yake ya kwanza. Kwenye hesabu za nchi, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ni ya Romas Ubartas, mtupa kisahani, Barcelona 1992. Andika tu kwamba Umaras ni Mlithuania aliyeshinda akiwa na jezi ya Kisovieti. Sentensi hiyo ina ukweli wote na haimkasirishi mtu.

Wala usidhani baiskeli ya Lithuania ilianza na Wasovieti. Kwenye Olimpiki ya Paris 1924 nchi hiyo ilileta timu ya mpira wa miguu pamoja na waendesha baiskeli wawili, Isakas Anolikas na Juozas Vilpišauskas. Hutaitumia kwenye kila wasifu, ila inafaa uijue kabla hujaandika neno "kwanza" popote.

Ukurasa wa kushoto: uwanja

Hapa ndipo waandishi wengi hupita mbio, na mimi hukaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Mbio za kufukuzana za mtu mmoja mmoja zinakwenda hivi. Wapinzani wawili wanaanza kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa uwanja, wakitazama mgongo wa mwenzake aliye mbali nusu duara. Umbali kwa wanaume ni mita 4,000. Baiskeli haina breki, ina gia moja, na pedali zimefungamana na gurudumu la nyuma kiasi kwamba gurudumu likizunguka nawe unakanyaga, upende usipende. Ukimkamata mwenzako umemaliza kazi; usipomkamata, saa inaamua.

Sasa tazama jedwali la Seoul. Umaras, dakika 4 na sekunde 32.00. Dean Woods wa Australia, fedha, 4:35.00. Bernd Dittert wa Ujerumani Mashariki, shaba, 4:34.17. Soma tena. Wa tatu ana muda mzuri kuliko wa pili. Mwandishi asiyejua mchezo ataona ni kosa la uchapaji na "atalisahihisha". Si kosa. Fainali ya dhahabu ilikuwa ya Umaras na Woods, na mbio za kuwania shaba zilikuwa mbio nyingine kabisa. Dittert alikwenda haraka, lakini alikuwa anakimbia kwa ajili ya kitu kingine. Kwenye mchezo huu nafasi inatokana na nani ulikutana naye. Kwa hiyo usiishie kwenye muda wa fainali. Tafuta pia muda wa raundi za kabla yake, ujue mtu alifika pale akiwa amechoka au amejitunza.

Kisha piga hesabu, maana msikilizaji haoni chochote ukimwambia 4:32. Mita 4,000 kwa sekunde 272 ni karibu mita 14.7 kwa sekunde, kama kilomita 53 kwa saa, tena akiwa ameanza kutoka kusimama. Tofauti ya sekunde 3 kati yake na Woods, kwa mwendo huo, ni mita 44 hivi. Hiyo anaiona mtu yeyote: Umaras anavuka mstari, na Woods bado ana mita arobaini na ushee.

Uwanja wa Seoul ulikuwa wa nje, wenye mzunguko wa mita 333.33, kwa hiyo mbio zilikuwa duara 12. Viwanja vingi vya mashindano makubwa siku hizi ni vya ndani, vya mbao, mita 250, na duara zinakuwa 16. Panevėžys, mji wa Lithuania, wana wa namna hiyo tangu 2008, ulifunguliwa kwa jina la Cido Arena, na mashindano ya Ulaya ya uwanjani yalifanyika hapo 2012. Nakuambia haya ili usilinganishe muda wa 1988 na wa leo, wakati wapo walioshuka chini ya dakika 4. Ndani hakuna upepo, na vile vishikio virefu vya kuegemea viwiko vilianza kupata umaarufu 1989, mwaka mmoja baada ya Seoul. Ukilazimika kulinganisha, mlinganishe mtu na waliokuwa naye uwanjani siku ile.

Rudi sasa kwenye mistari mitupu. Umaras alikuwa bingwa wa dunia wa kufukuzana Vienna mwaka 1987. Ukitazama 1988 kwenye orodha ya mabingwa wa dunia wa ridhaa hukuti jina lake, wala la mtu mwingine. Hakuumia, wala hakuvuliwa taji: enzi hizo mwaka wa Olimpiki, mbio za ridhaa zilizokuwamo kwenye Olimpiki hazikuwa na ubingwa wa dunia. Nimewahi kusoma habari inayosema mtu "alipotea" mwaka kama huo. Alipotea wapi, na alikuwa Seoul?

Neno "ridhaa" nalo lisikupite. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mabingwa wawili wa kufukuzana kila mwaka wa kawaida, mmoja wa ridhaa kwa mita 4,000 na mwingine wa kulipwa kwa mita 5,000. Mwaka ule ule wa 1987, bingwa wa kulipwa alikuwa Hans-Henrik Ørsted wa Denmark. Makundi hayo yaliunganishwa kuanzia 1993. Kwa hiyo ukiandika "bingwa wa dunia 1987", ongeza "wa ridhaa". Humpunguzii hadhi, kwani kwa watu wa nchi za Kisovieti ridhaa ndiko walikokuwa wakubwa wote.

Kufukuzana kwa timu ni jambo jingine. Wanne wanakwenda kwa mstari, wa mbele anakata upepo, akimaliza zamu yake anapanda juu kwenye ukingo wa kona, anawaacha wenzake wapite chini, kisha anadondoka nyuma ya wa mwisho. Muda unachukuliwa kwa gurudumu la mtu wa tatu. Maana yake mmoja anaweza kujimaliza nguvu zote, akaachwa kabla ya mwisho, na dhahabu ikabaki yake kwa haki. Kwenye fainali ya Seoul Wasovieti waliwashinda Ujerumani Mashariki kwa 4:13.31, kasi ya karibu kilomita 57 kwa saa, na waliokuwa kwenye mstari ni Vyacheslav Ekimov, Dmitry Nelyubin, Artūras Kasputis na Umaras. Wawili kati ya wanne ni Walithuania. Ukikutana na mmoja wao usimuulize "ulijisikiaje". Muulize alikuwa wa ngapi kwenye mstari, zamu yake ilikuwa ya nusu duara au duara zima, na gia ilikuwa na meno mangapi.

Swali la meno nalipenda kuliko yote. Tuseme kwa mfano tu mtu ana meno 52 mbele na 15 nyuma, na gurudumu lenye mzunguko wa mita 2.1. Kila pedali ikizunguka mara moja, baiskeli inasogea mita 7.3 hivi. Kwa kasi ya kilomita 53 kwa saa, miguu inazunguka mara 121 kila dakika. Jaribu kuipiga meza kwa mkono mara 121 kwa dakika, uendelee kwa dakika nne na nusu, halafu uniambie. Wastaafu wengi wamesahau muda wao wa nusu fainali, lakini meno ya gia wanayataja kama majina ya watoto wao.

Ukurasa wa kulia: barabara

Barabarani sheria za kusoma matokeo zinageuka. Mtu wa 90 kwenye mbio za wiki tatu anaweza kuwa amefanya kazi kubwa kuliko wa 20. Kazi yake ilikuwa kubeba chupa za maji, kukata upepo mbele ya kiongozi wa timu, kufukuza waliotoroka, kisha kuachia kundi lipite na kujikokota hadi mwisho ndani ya muda unaoruhusiwa. Kabla hujaandika "hakufanya vizuri", tafuta kiongozi wa timu yake alikuwa nani siku ile na alimaliza wa ngapi.

Kasputis, mzaliwa wa Klaipėda, 1967, ndiye mfano wangu wa kudumu. Akiwa na umri wa miaka 21 alishakuwa na dhahabu ya Olimpiki. Miaka ya 1990 alikuwa mtu wa barabarani, kwenye timu ya Kifaransa iliyoitwa Chazal, ikawa Petit Casino, ikawa Casino, na mwaka 2000 ikawa AG2R. Asiyejua atahesabu timu nne na kuandika kwamba jamaa alikuwa anahamahama. Timu ilikuwa ile ile, chini ya Vincent Lavenu yule yule. Waliobadilika ni wadhamini, kwa kuwa kwenye baiskeli jina la timu ni jina la anayelipa. Baadaye Kasputis alibaki hapo kama mkurugenzi wa michezo, yule anayefuata mbio ndani ya gari akitoa maelekezo. Ukichora mstari mmoja kutoka Chazal hadi kwenye kiti cha gari la timu, unapata mtu aliyetulia mahali pamoja kwa muda mrefu sana.

Jezi nazo zina hila. Ramūnas Navardauskas wa Šilalė alivaa jezi ya waridi, ile ya anayeongoza, ya Giro d'Italia, mbio za wiki tatu za Italia, mwaka 2012, na aliipata baada ya timu yake kushinda mbio za timu dhidi ya saa. Ni heshima kubwa, lakini ni ya timu kwa asili yake. Ushindi wake wa hatua ya 19, yaani mbio za siku moja ndani ya Tour de France 2014, iliyoishia Bergerac, ni wa namna nyingine: alitoroka na kufika peke yake, Mlithuania wa kwanza kushinda hatua ya mbio hizo. Yote mawili yaingie kwenye wasifu, ila kila moja lielezwe kwa uzito wake. Wengi hupenda ile jezi kwa kuwa ina picha nzuri. Mimi ningeanza na Bergerac.

Kwa wanawake tulia zaidi, kwa sababu hapo ndipo Lithuania ilipotikisa dunia na ndipo kumbukumbu zilipovurugika. Kati ya 1998 na 2001 mbio za barabarani za ubingwa wa dunia zilikwenda Lithuania mara tatu: Diana Žiliūtė huko Valkenburg, Uholanzi, 1998, Edita Pučinskaitė huko Verona, Italia, 1999, Rasa Polikevičiūtė huko Lisbon, Ureno, 2001. Usisome mshindi tu, soma jukwaa lote. Verona, Žiliūtė alikuwa wa tatu. Lisbon, Pučinskaitė alikuwa wa pili, mbele ya Jeannie Longo wa Ufaransa. Ukimwandika mmoja wao bila kuwataja wengine, utakuwa umemwondoa kwenye kizazi chake, na nchi yenyewe ina watu wasiofika milioni nne.

Halafu kuna suala la Tour ya wanawake. Pučinskaitė aliishinda 1998, Žiliūtė akaishinda 1999. Mbio zile zilikuwa zikiitwa Tour Cycliste Féminin, na kuanzia 1999 zikaitwa Grande Boucle. Ukiandika kwa mkato "alishinda Tour de France ya wanawake", msikilizaji wa leo atadhani unazungumzia Tour de France Femmes, iliyoanza 2022 na wenye kuiandaa ni wengine. Taja jina la wakati ule, kisha eleza kwa maneno machache kwamba zilikuwa mbio kubwa za hatua za wanawake nchini Ufaransa. Kwa Pučinskaitė usisahau Giro ya wanawake aliyoshinda mfululizo 2006 na 2007. Kati ya Verona na Giro ya pili ni miaka minane, na miaka hiyo kati ndiyo ya kuuliza.

Majina

Tafuta kila jina kwa tahajia mbili: ya Kilithuania, Žiliūtė, Pučinskaitė, na iliyovuliwa alama, Ziliute, Pucinskaite, kwa kuwa kompyuta za matokeo za zamani hazikujua ž wala ė. Ukiandika, rudisha alama zote.

Mwisho wa jina la ukoo la mwanamke hubadilika. Binti asiyeolewa huwa na -aitė, -ytė au -utė. Akiolewa anaweza kuchukua jina la mume lenye -ienė. Kwa hiyo mkimbiaji anaweza "kuisha" mwaka fulani na mwingine "mpya" akaibuka mwaka unaofuata na tarehe ile ile ya kuzaliwa. Linganisha tarehe kabla hujaandika kwamba amestaafu.

Rasa Polikevičiūtė ana pacha, Jolanta, na wote wawili walikimbia katika kiwango cha juu miaka ile ile. Tokeo lenye jina la ukoo peke yake usiliguse mpaka upate herufi ya kwanza.

Dawa

Usikwepe wala usipambe. Taja mashindano, mwaka, kitu kilichopatikana, na hukumu, basi. Raimondas Rumšas alishinda Giro di Lombardia, mbio za siku moja za Italia, 2000 na akamaliza wa tatu Tour de France 2002. Katika Giro d'Italia ya 2003 vipimo vyake vilionyesha EPO, dawa iliyokatazwa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, akafungiwa. Sentensi mbili zinatosha, zikiwa mahali pake kwenye mfuatano wa miaka, si kwenye utangulizi na si kwenye tanbihi. Asiyewahi kupatikana na kosa usimpe vivumishi vya mashaka kwa kuwa tu alikimbia enzi mbaya.

Kuandika

Ukishajaza kurasa zote mbili, chagua tukio moja upande wa kushoto na moja upande wa kulia, uyaeleze kwa kina. Mengine yote yapite kwa nusu sentensi. Hapo utatambua pia ni mtu wa upande upi. Simona Krupeckaitė wa Utena, kwa mfano, ukurasa wake wa kulia utabaki karibu mweupe, na usiuhangaikie: mita 500 kwa sekunde 33.296, rekodi ya dunia pamoja na ubingwa huko Pruszków, Poland, 2009, kisha ubingwa wa keirin, mbio fupi ambazo kundi hufuata pikipiki kwanza kisha huachiwa likimbie, mwaka uliofuata. Huyo ni mtu wa milipuko mifupi. Barabara ya kilomita 130 ungemtafutia nini?

Kwa Umaras, aya yangu ya kufungulia ingekuwa hivi:

"Uwanja wa Seoul ulikuwa wazi, na duara lake lilikuwa refu, theluthi ya kilomita. Gintautas Umaras, kijana wa Kaunas aliyevaa jezi ya Kisovieti, alianza upande mmoja. Dean Woods wa Australia, upande wa pili. Baada ya duara 12 na dakika 4 na sekunde 32, Umaras alikuwa mbele kwa zaidi ya mita arobaini. Mwaka mmoja kabla alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa huko Vienna. Kwenye michezo hiyo hiyo alipata dhahabu ya pili, akiwa na wenzake watatu, mmoja wao Mlithuania mwenzake kutoka Klaipėda. Mwaka mmoja na nusu hivi baadaye nchi yao ilitangaza uhuru."

Isome kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Ikizidi nusu dakika kwa mwendo wako wa kusoma, ondoa Vienna na uipeleke kwenye aya ya pili, Woods abaki.